Muulize Mkunga: Soda ya Saa Tisa Usiku

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kilo. Nimechagua mbili. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu niliisoma mara nne, na ilikuwa ile mara ya nne nilipoelewa mwandishi alikuwa ananiambia nini.

*Shikamoo Bibi Mkunga. Mimi ni mama kijacho, nina miaka 29, naishi Sakina hapa Arusha na ni karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kilombero. Mimba yangu ina wiki 31. Nilipoanza kliniki wiki ya 11 nilikuwa na kilo 72, urefu wangu sentimita 160. Wiki ya 20 nikawa na kilo 76. Wiki ya 26 mizani ikasoma 81. Nesi akaitaja kwa sauti, kisha akasema, "Wewe mama unakula nini? Utapasuliwa wewe." Benchi zima likacheka. Sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Tangu siku hiyo sijarudi, na tarehe yangu ya wiki ya 30 imeshapita. Chakula cha usiku nimeacha, mchana nakula tunda au kikombe cha uji, na kila Jumamosi napima kwa yule kijana mwenye mizani kando ya barabara, shilingi 500. Nimeshuka hadi 78. Nilidhani nitafurahi, lakini nalia ovyo, hata kwenye daladala. Mume wangu si mtu mbaya, ila hunitania "gunia la mahindi" mbele ya wadogo zake. Tatizo ni usiku. Naamka saa tisa nikiwa na hofu, naenda jikoni gizani nakunywa soda mpaka mtoto acheze, ndipo narudi kulala. Asubuhi najichukia. Nikiendelea kupungua hivi nitaepuka upasuaji? Na hii soda nitaiachaje? Samahani kwa barua ndefu. Nilisahau kusema, mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano, mwaka juzi.*
*– Mama Kijacho, Arusha*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, wiki hii uende kliniki. Ukishindwa kumtazama yule nesi usoni, nenda kituo kingine na kadi yako ile ile, hakuna atakayekukatalia. Sikutumi ukapimwe kilo. Nataka upimwe presha, mkojo, damu na sukari. Kutoka wiki ya 20 hadi ya 26 uliongeza kilo tano, na mwili ukiongezeka haraka namna hiyo katika nusu ya pili ya mimba, mkunga hujiuliza kama ni mafuta au ni maji. Yakiwa ni maji, na presha ikawa juu, na mkojo ukaonyesha protini, hizo ni dalili za mwanzo za kifafa cha mimba. Kipimo cha sukari nacho, wakati wake mzuri ni kati ya wiki ya 24 na ya 28, na wewe wiki hizo za mwisho ulikuwa umejificha. Bado hujachelewa, kinapimwa hata sasa. Ila ukiumwa kichwa kisichotulia, ukiona ukungu au vimulimuli machoni, uso na vidole vikavimba, ukaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, au mtoto akapunguza kucheza, usingoje tarehe wala kituo unachokipenda. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Huo ndio ubaya wa kilichotokea siku ile. Nesi aliona namba iliyopaswa kumfanya akuwekee mkanda wa presha mkononi, yeye akaigeuza kichekesho cha benchi. Wewe ukarudi nyumbani na aibu, na presha haijulikani ni ngapi.

Siyasemi haya kana kwamba mimi sijawahi kukosea. Mwaka 1994 nilikuwa kijana kazini, kwenye kliniki moja upande huu wa Moshi. Mizani yetu ilisimama katikati ya chumba na msaidizi wangu alikaa mezani karibu na mlango akiandika kadi, kwa hiyo nilikuwa nazisoma kilo kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Nilizitaja kilo za mama mmoja, zilizidi tisini, na kina mama wakaguna. Alishuka kwenye mizani, akavaa kandambili zake, akachukua kadi bila kunitazama. Hakurudi tena. Nilikuja kumwona siku ya uchungu, presha 170 juu, 110 chini. Mungu saidia walipona wote wawili. Siku ya tatu wodini nilimuuliza kwa nini alipotea. Akasema, "Niliona heri nife kwetu kuliko kupandishwa tena pale." Wiki ile ile tuliigeuza mizani ikatazama ukuta, na tangu hapo hadi nastaafu niliandika kilo mwenyewe, kimya, nikimwonyesha mama kadi yake peke yake.

Kwa hiyo unapokwenda, una haki ya kusema maneno haya: "Nesi, naomba usiitaje kwa sauti, niandikie tu." Si jeuri. Ukiona yatakushinda kuyasema, yaandike kwenye kipande cha karatasi ukibanie kwenye kadi. Nimepokea vikaratasi vya aina hiyo, na havikuwahi kuniudhi.

Sasa tuje kwenye kilo zenyewe, maana umeuliza. Uzito wa mjamzito haupimwi kwa jicho la wifi wala kwa kulinganishwa na jirani. Unaanza na ulivyokuwa kabla. Kilo 72 kwa urefu wa sentimita 160 zinakupa uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) wa 28, yaani juu kidogo ya wastani, kwa kuwa wastani unaishia 25. Mwongozo unaotumika sana, uliotolewa Marekani mwaka 2009, unasema mwanamke wa daraja lako aongeze kati ya kilo 7 na 11.5 kwa mimba nzima. Aliyekuwa kwenye wastani huongeza kati ya 11.5 na 16, na mwembamba sana hata 18. Aliyevuka 30 anaambiwa 5 hadi 9. Lakini hata huyo wa mwisho anaambiwa aongeze, mwanangu. Hakuna daraja linaloambiwa lipungue.

Na kilo hizo si "unene". Mtoto akitimia ana kilo tatu na kitu. Kondo la nyuma karibu robo tatu ya kilo, maji ya uzazi nayo karibu kiasi hicho, na mfuko wa uzazi wenyewe karibu kilo moja. Damu yako inaongezeka kilo moja na zaidi, majimaji mengine ya mwili kilo na nusu hivi, na matiti nayo hujaza nusu kilo. Jumlisha, utaona kilo nane au tisa zimeshapata wenyewe kabla hujagusa mafuta, ambayo mwili unayaweka akiba kwa ajili ya kunyonyesha. Ulipojinyima ukashuka kilo tatu, hukupunguza "gunia". Ulikuwa unapunguza riziki ya mtoto katika wiki ambazo anajenga mwili wake.

Swali lako la upasuaji nitalijibu wazi. Ni kweli uzito mkubwa na sukari huongeza uwezekano wa mtoto mkubwa na wa upasuaji. Si kweli kwamba kushinda na njaa wiki ya 31 kunaufuta. Upasuaji huamuliwa na mambo mengi: alivyolala mtoto, nyonga, presha, mapigo ya moyo wake, uchungu unavyokwenda. Na ukipasuliwa, hujaadhibiwa kwa kosa lolote.

Kwa hiyo rudi mezani. Asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati. Sisemi ule kwa watu wawili, maneno hayo yamewaumiza wengi. Katika miezi hii ya mwisho nyongeza unayohitaji kwa siku haizidi bakuli la uji wenye maziwa pamoja na yai na ndizi. Maharage, dagaa, mayai, mtindi, mchicha, mnafu, parachichi ambalo Arusha halijawahi kuwa anasa. Ukipika machalari, nyama iwe kweli nyama na mafuta yawe kijiko, si kikombe. Chapati za maji na chipsi mayai za pale Kilombero zipumzishe, siku mojamoja si neno. Tembea nusu saa jioni kama daktari hajakuzuia. Toka Sakina kuelekea mjini pana njia ndefu ya kutosha, teremkia kituo kimoja kabla. Na kijana wa mizani mwache apime wengine. Mizani ile haijulikani imekaguliwa lini, unaipanda na viatu na mkoba, na kila Jumamosi inakupangia ule au usile Jumapili.

Hayo ya chakula yamekwisha. Wenzangu wengi wangeishia hapo, wakakupa na karatasi ya mlo.

Nilikuambia niliisoma barua yako mara nne. Umeandika kilo juu kabisa, moja baada ya nyingine, kama karani mzuri. Halafu chini, baada ya kuomba samahani, ukaongeza mstari mmoja: mimba ya kwanza ilitoka na miezi mitano. Umesema ulisahau. Hukusahau, mwanangu. Mzigo mzito watu huutua mwisho, wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango.

Nilichukua kalamu nikaziweka tarehe zako pamoja. Miezi mitano ni kama wiki ya 20 hadi 22. Mpaka wiki ya 20 ulikuwa unaongezeka polepole, vizuri tu, kilo nne kwa wiki tisa, juu kidogo lakini hakuna wa kukimbizana naye. Kilo zilianza kukimbia kuanzia wiki ya 20. Yaani ulipofika pale pale ulipompoteza yule wa kwanza. Na ndipo soda ilipoanza, sivyo? Unaamka saa tisa, unasikiliza, tumbo limetulia, na utulivu ule unaujua, uliwahi kuusikia. Unakwenda jikoni gizani usimwamshe mtu, unakunywa kitu kitamu, mtoto anacheza, unapumua.

Wala hukuwa mlafi. Ulikuwa unamwamsha mtoto ili ujue yu hai.

Nesi angekuuliza swali moja tu, "usiku unalalaje?", angeyapata haya yote. Kadi ina nafasi ya kilo, ya presha, ya wingi wa damu, ya mapigo ya mtoto. Usiku wa mama unapita bila kuandikwa, na ndiyo maana nawaomba manesi wanaosoma safu hii wauandike pembeni, hata kwa penseli.

Mama aliyepoteza mimba akapata nyingine huwa na hofu kuliko wenzake. Hilo linajulikana, na si udhaifu wa imani wala ukosefu wa shukrani. Hofu inapokaa muda mrefu bila kusemwa, huweza kugeuka sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na sonona hukaa tumboni kama inavyokaa kichwani: mmoja hukosa hamu ya kula kabisa, mwingine hula bila njaa, na wapo kama wewe ambao hupitia yote mawili katika mimba moja. Ndiyo maana mizani peke yake haisemi kitu. Kupanda kwake kulikuwa hofu, na kushuka kwake sasa ni aibu, na katikati yuko mtoto anayetaka mama ale ugali na maharage kwa saa yake.

Hauko peke yako hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 katika kila 100 wana tatizo la afya ya akili, zaidi ikiwa ni sonona, na baada ya kujifungua hufika karibu 20. Kwenye benchi lile lililokucheka, kama mlikuwa kina mama ishirini, watatu hivi walikuwa wanacheka na yao moyoni.

Kipo kipimo chake. Mwaka 1987 wataalamu wa Uskoti walitunga maswali kumi, kinaitwa kipimo cha Edinburgh, na kimetumika kwa Kiswahili katika tafiti za hapa kwetu. Kinauliza siku saba zilizopita: kama bado unaweza kucheka, kama unajilaumu bila sababu, kama unakosa usingizi kwa sababu ya huzuni, kama unalia. Swali la kumi linauliza kama umewahi kuwazia kujidhuru. Wewe umenijibu matatu au manne kwenye barua bila kuulizwa. Kilio, kujichukia, usingizi wa saa tisa, na furaha uliyoitafuta kwenye kilo 78 usiipate: yakidumu wiki mbili, si "hasira za mimba" za kusubiri zipite. Mwambie nesi au daktari kwa maneno haya haya uliyoniandikia. Akiona haja atakuandikia rufaa. Hospitali ya mkoa kwenu ni Mount Meru, ulizia huduma ya afya ya akili. Na lile swali la kumi, mwanangu, hukuniambia, nami siwezi kuliona kwenye karatasi. Kama wazo hilo limekupitia, hata mara moja, mwambie mtu leo na usilale peke yako usiku huu, kisha kesho asubuhi huyo mtu akufikishe hospitali.

Wengi huogopa kwamba wakisema watapewa vidonge vya kuwalaza. Mara nyingi tiba ya kwanza ni mazungumzo, na hayahitaji profesa. Huko Pakistan wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida, walifundishwa kuzungumza na wajawazito wenye sonona nyumbani kwao, kwa utaratibu maalumu, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Watoto walipofika miezi sita, kati ya kina mama waliozungumza nao, 23 katika 100 ndio waliobaki na sonona. Kati ya waliotembelewa kwa kawaida tu, 53. Na pale dawa zinapohitajika, zipo ambazo daktari anaweza kumpa mjamzito akimfuatilia. Kama kuna msomaji anayezitumia tayari, asizikatishe ghafla kwa kusikia maneno ya watu. Amwone daktari kwanza. Nawe waombe pia wakuangalie wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu, chini ya gramu 11, nao humfanya mtu achoke na kukata tamaa kama mwenye sonona, na unatibika.

Sasa soda. Sitakuambia uiache kesho, kwa maana ukiiondoa bila kuweka kitu mahali pake utabaki jikoni gizani na hofu yako mkononi. Chupa moja ina karibu vijiko vinane vya sukari, ibadilishe kwa maji au nusu kikombe cha maziwa ya uvuguvugu. Kisha washa taa. Kaa, au lala ubavu wa kushoto, weka viganja viwili juu ya tumbo na usubiri. Mtoto tumboni hulala kama mimi na wewe, dakika 20, dakika 40, mara chache sana azidi saa moja na nusu. Wengi huchangamka usiku mama akitulia, soda iwepo isiwepo. Baada ya siku chache utazijua saa zake. Ukizijua, utajua pia siku akibadilika, na siku hiyo unakwenda hospitali bila kungoja kukuche.

Na ukifika kliniki, mwombe mkunga akusikilizishe mapigo ya moyo. Vituo vingine vina kile kimashine kinachotoa sauti, utasikia mwenyewe, kama farasi anayekimbia mbali. Kama wana ile pembe ya kusikilizia tu, mama hawezi kujisikia, kwa hiyo mimi nilikuwa nafanya hivi: sikio langu kwenye pembe, na mkono wangu wa kulia umeshika mkono wa mama. Kila moyo wa mtoto ulipopiga, nami nilimpigia kwa kidole kwenye kifundo cha mkono. Tap, tap, tap, haraka haraka, kati ya 110 na 160 kwa dakika, mwendo ambao mtu mzima angekuwa amepanda mlima. Mama mmoja aliyepoteza wawili alinishika kile kidole akakataa kukiachia. Foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Nikaendelea kumpigia. Mwombe mkunga wako akupigie hivyo. Akishangaa, mwambie ni Bibi wa gazetini amekutuma.

Kuhusu baba. Umesema si mtu mbaya, nami nakuamini. Lakini "gunia la mahindi" mbele ya mashemeji linaumiza, na yeye hajui linaumiza kwa sababu hajui unaamka saa tisa. Mwambie akiwa peke yake, baada ya kula, bila wadogo zake. Mwambie kuhusu soda kwanza, kisha kuhusu yule wa kwanza. Sidhani mmewahi kumzungumza. Wanaume wetu nao walimzika mtoto yule moyoni, wakaambiwa "mtapata mwingine" kama ulivyoambiwa wewe, na utani ni jinsi wengine wanavyojiziba. Akikusikia, mpe kazi: awe anaamka saa tisa nawe, aweke kiganja chake pale penye chako. Lakini akikusikia na akaendelea, au utani ukawa matusi, kunyimwa pesa ya chakula, kusukumwa, hapo jina limebadilika. Hapa Moshi utafiti uliofuatilia wajawazito zaidi ya 1,000, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta karibu 30 katika kila 100 wamepitia ukatili wa mwenzi wakati wa mimba hiyo, na hao ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya sonona baada ya kujifungua. Likifika huko, mwambie nesi, ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi.

Niandikie tena ukishapimwa presha. Nataka kujua ni ngapi.

*Shikamoo Bibi. Naishi Majengo, Moshi. Mke wangu ni mtu wa Monduli, mimba ina wiki 30. Alianza na kilo 49, sasa ana 53, urefu sentimita 165. Mama mkwe alimwambia apunguze chakula miezi hii ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Anakula vijiko vitatu anasukuma sahani, lakini udongo wa kununua sokoni anautafuna kutwa. Amekuwa mkimya, hata kwaya ameacha. Nimlazimishe kula?*
*– Baba Kijacho, Moshi*

Marahaba baba, na ahsante kwa kuandika. Barua za akina baba ni chache.

Usimlazimishe, na wala usimdharau mama mkwe. Ushauri wake una mizizi. Mahali ambapo hospitali ilikuwa mwendo wa siku mbili, mtoto aliyekwama alimuua mama, na wanawake wa Kimasai walifanya kile kilichokuwa mikononi mwao. Lakini mkeo yuko Majengo, Mawenzi si mbali. Njaa haipanui nyonga. Inamzaa mtoto mdogo, chini ya kilo mbili na nusu, anayepata baridi na maradhi upesi, na inamwacha mama hana damu ya kupoteza siku ya kujifungua. Mwembamba kama mkeo alitakiwa aongeze kati ya kilo 12.5 na 18, na wiki hii angekuwa ameshapata tisa au kumi. Ana nne. Mpigie mama mkwe simu wewe mwenyewe, kwa adabu yote, umwombe aje akae nanyi wiki mbili, na siku ya kliniki mwende naye akasikie kwa mkunga. Neno la mama litamlisha mkeo kuliko lako na langu.

Udongo mara nyingi ni mwili ulioishiwa damu. Apimwe, ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki kila siku, na chai au kahawa asinywe pamoja na chakula, akae saa moja kwanza, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Chungwa au limau pamoja na mchicha husaidia. Mbege si ya mjamzito, hata kama bibi zetu walisema inaongeza damu. Badala ya sahani moja iliyojaa, mpe kidogo mara tano au sita: mtori, maziwa, yai, parachichi na chumvi. Ule udongo usiumwage mbele yake, ataununua kwa siri.

Ukimya wake ndio ulionishtua zaidi ya kilo. Mtu aliyekuwa anaimba akiacha kuimba, muulize analalaje, kisha unyamaze mpaka ajibu. Mengine niliyomwandikia mama wa Arusha hapo juu yanamhusu yeye pia, msomee au mwachie gazeti kitandani. Na wale wenzake wa kwaya, waombe Alhamisi moja waje kufanyia mazoezi uani kwenu. Asipotaka kuimba, mtolee kiti akae mlangoni.